Tafuta Njia Kabla ya Nyumba

Mtumishi wa serikali akipata barua ya kuhamia Gitega, ushauri wa kwanza anaopewa na jamaa zake ni kwamba asikubali kukaa katikati ya mji. Aende pembeni, wanamwambia, kwenye viwanja vipya, penye hewa safi na utulivu. Apange nyumba yenye ua mpana na ukuta mrefu, watoto wacheze ndani, lango lifungwe. Mfanyabiashara anayehamia Muyinga huambiwa hayo hayo, kisha huongezewa jingine: ajiepushe na kartiye ya Waswahili, maana kule kuna kelele, nyumba zimebanana, na watoto huharibika. Ushauri huu hutolewa kwa mapenzi. Wasomi wanautoa, na wasiosoma wanautoa. Mimi naupinga. Nasema kwamba kwa familia nyingi zinazohama leo nchini Burundi ushauri huo unadhuru, kwa sababu unazipeleka mbali na shule, soko, kituo cha afya na watu, halafu unaziacha huko bila chombo cha kuzirudisha.

Na wanaohama ni wengi. Tarehe 16 Januari 2019 Bunge lilipitisha Gitega iwe mji mkuu wa kisiasa, Bujumbura ikabaki mji wa biashara. Tangu siku hiyo ofisi zimekuwa zikipanda mlima kidogo kidogo, na nyuma ya kila ofisi kuna makarani, madereva, walinzi, wauza chakula, wenye maduka ya fotokopi, na familia zao. Ikaja sheria ya mwaka 2023: mikoa 18 ikawa 5, komini 119 zikawa 42. Muyinga, ambayo watu wazima wote wa leo wameijua kuwa makao makuu ya mkoa, sasa ni komini ndani ya mkoa wa Buhumuza, na makao makuu ya Buhumuza ni Cankuzo. Wengine wanaondoka Muyinga kufuata kazi, wengine wanaingia kufuata biashara ya mpakani. Mabadiliko ya aina hii huandikwa kwa kalamu, lakini hutekelezwa kwa malori yaliyobeba magodoro, masufuria na baiskeli za watoto. Aliyeko juu ya lori ana wiki mbili tatu za kuamua atakaa wapi, na ndipo ushauri wa jamaa unapokuwa na nguvu.

Ushauri huo una asili yake. Jijini Dar es Salaam, Waingereza waliugawa mji sehemu tatu, na majina yake bado yamo vinywani mwa watu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Uswahilini waliacha uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, ili watu wasikaribiane. Bujumbura ilipangwa kwa akili hiyo hiyo na Wabelgiji: Rohero ya Wazungu, Kartiye Asiatike ambayo mpaka leo inaitwa hivyo, na Buyenzi ya Waswahili yenye vichochoro vilivyonyooka na kupewa namba. Uzunguni palikuwa na bustani pana, nyumba zilizokaa mbalimbali na barabara za kupindapinda chini ya miti. Palipendeza, na bado panapendeza. Lakini tukumbuke aliyekaa humo alikuwa nani. Alikuwa na gari na dereva. Alikuwa na mpishi, na mpishi ndiye aliyekwenda sokoni kwa miguu. Alikuwa na yaya, na yaya ndiye aliyewashika watoto mkono. Umbali ule ulikuwa na gharama, ila gharama ililipwa na miguu ya watu wengine, ambao jioni walirudi Buyenzi.

Uhuru ulipokuja, waliokaa katika nyumba zile walibadilika; kipimo hakikubadilika. Mtaa mzuri umebaki kuwa mtaa wa mtu mwenye dereva. Mjini Bujumbura tunautazama mlima wa Kiriri na kusema kule ndiko kuishi, kisha tunaibeba picha hiyo mpaka Gitega na kuitafuta kwenye kilima kingine. Mwalimu anapanga nyumba pembeni ya mji, anapata ukuta, anapata ua, anapata umbali ule ule wa Uzunguni. Dereva hayupo. Mpishi ni mke wake, na yaya ni binti yake mkubwa. Sasa wanaolipa ule umbali kwa miguu ni wao wenyewe.

Watetezi wa pembeni hunijibu kwamba Burundi kila mtu anatembea. Tumezaliwa kwenye vilima, rugo hili huku na rugo lile kule, tumepanda na kushuka tangu utotoni. Habari ya mtaa unaofaa kwa miguu, wanasema, ni habari ya Wazungu waliochoka na magari yao. Hoja hii inasikika vizuri, lakini inachanganya mambo mawili. Kutembea sana si sawa na kutembea vizuri. Ni kweli miji yetu imejaa watu wa miguu. Nairobi nayo, yenye barabara kuu za kila aina, karibu watu wanne katika kila kumi huenda kazini au shuleni kwa miguu. Kwa hiyo sisi, kuliko wakaazi wa Paris, tunahitaji kujali njia. Mwenye gari akichagua mtaa mbaya, hupoteza mafuta. Asiye na gari akichagua mtaa mbaya, hupoteza saa za maisha yake, na wakati mwingine mtoto.

Tuchukue mtoto wa miaka saba. Ninamchagua yeye kwa makusudi, kwa sababu ndiye anayesahaulika siku ya kupanga nyumba. Baba hupima umbali wa kwenda ofisini. Mama huangalia jiko na maji. Mtoto haulizwi, ilhali yeye ndiye atakayetembea kila siku, tena kwa miguu mifupi kuliko wote. Mtu mzima kwenye njia tambarare huenda kilomita tano kwa saa. Mtoto wa miaka saba mwenye mkoba mgongoni, kwenye mteremko wa Gitega, mji uliokaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, hufika tatu akijitahidi. Shule ikiwa kilomita mbili kutoka nyumbani, hizo ni dakika arobaini kwenda na dakika arobaini kurudi. Ni kilomita nne kwa siku, ishirini kwa wiki. Shule zetu nyingi za msingi zinasomesha kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, kwa kuwa madarasa hayatoshi. Maana yake mtoto huachiliwa saa sita, jua likiwa utosini au mvua ya alasiri ikijikusanya, na wazazi wote wawili wako kazini. Anarudi nani naye? Kama njia yake inapita mbele ya maduka, mbele ya mafundi cherehani, mbele ya nyumba za wenzake wa darasani, anarudi na mtaa mzima. Kama inapita kando ya kuta ndefu na mashamba yanayosubiri kujengwa, anarudi peke yake.

Familia ya Kiislamu ihesabu mara mbili. Mtoto akitoka shule hula, hupumzika kidogo, kisha huenda chuoni kusoma Kurani. Ndiyo maana wengi wa wenzetu Waislamu wa Muyinga hawaoni ajabu kuishi karibu karibu kuzunguka msikiti na madrasa: wamekwisha kupiga hesabu hii bila karatasi. Mkristo naye ana mazoezi ya kwaya na katekisimu. Maisha ya mtoto wa kwetu yana vituo vinne au vitano kwa wiki, na mzazi anayechagua nyumba kwa kuangalia kituo kimoja tu amechagua vibaya.

Kuna jibu la haraka: nitanunua gari, au pikipiki itampeleka. Aliyeishi Burundi miaka hii ya karibuni anajua jibu hilo limeshindwa vipi. Foleni za petroli na mazuti zimekuwa sehemu ya maisha. Gari hulala kituoni siku kadhaa likisubiri, na bei ya pikipiki ya abiria hupanda siku ile ile mafuta yanapokosekana. Mwezi Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria zilipigwa marufuku katikati ya Bujumbura, na watu waliokuwa wakizitegemea waliamka wakajikuta wa miguu. Jumamosi asubuhi, wakati wa kazi za jamii, vyombo vya abiria husimama. Sisemi gari ni baya. Nasema kwamba nyumba inayofikika kwa injini peke yake inaiweka familia chini ya rehema ya meli ya mafuta iliyoko Dar es Salaam, na hilo si jambo la kumfanyia mtoto anayetakiwa kuwa darasani saa moja na nusu.

Lipo pia jambo la kikapu. Nyumba nyingi za Gitega na Muyinga hazina friji, na zenye friji hazina umeme wa uhakika. Mama hununua leo cha kula leo: ndagala za jioni, fungu la lengalenga, sombe iliyokwisha kutwangwa, mafuta ya mawese kwa kipimo kidogo, makaa kwa ndoo. Mtaani penye vibanda, ununuzi huo ni dakika kumi, na mtoto anaweza kutumwa. Pembeni, ni safari. Anayeishi mbali hujibu kwa kununua kwa jumla, lakini jumla inataka fedha nyingi kwa mara moja, na mshahara wa mwalimu hauna fedha hizo mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumba ya pembeni yenye kodi nafuu huanza kula kwa mlango wa nyuma: nauli, bei ya kibanda kimoja kisicho na mshindani, muda wa mama ambao angeuza kitu au angeshona. Sijaona watu wakiuhesabu muda huo wanapolinganisha kodi. Wauhesabu.

Na kuna usiku. Tangu mwaka 2006 serikali ilipoondoa malipo ya kujifungua na ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, kituo cha afya cha mtaa kimekuwa mlango muhimu kuliko yote kwa familia changa. Huduma ya bure lakini iliyo mbali hugeuka kuwa ya kulipia saa nane za usiku, utakapomtafuta mwenye gari lenye mafuta. Homa ya malaria kwa mtoto mdogo haingoji kukuche.

Sasa twende Muyinga, maana huko ubishi huu unaonekana waziwazi. Muyinga ni mji wa barabara. Barabara ya lami inayotoka Kayanza na Ngozi hupita pale ikielekea mpaka wa Kobero, na upande wa pili wa mpaka ni Kabanga ya Tanzania. Sehemu kubwa ya mizigo ya nchi hii, kuanzia mafuta hadi saruji, hutoka bandari ya Dar es Salaam na kuingia kwa mlango huo. Malori marefu yenye tela hupita mchana na usiku. Kusini inashuka barabara nyingine ya lami, kupitia Karuzi, mpaka Gitega. Barabara hizi ndizo zinazoulisha mji, na ndizo zinazoua. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linasema ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na kwamba hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watu wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Mtoto mdogo hawezi kukadiria mwendo wa lori linalokuja. Macho yake yanaliona, lakini akili yake bado haijakomaa kuhesabu litafika lini. Hakuna adabu wala fimbo itakayomfundisha hilo kabla ya umri wake.

Basi kwa mzazi anayehamia Muyinga, swali kubwa kuliko ukubwa wa ua ni hili: nyumba iko upande gani wa lami, na shule iko upande gani? Zikiwa upande mmoja, umepata utajiri. Zikiwa pande mbili, ua mpana hautakusaidia, kwa maana hatari haiko uani. Mwezi Februari 2020 mawaziri wa nchi nyingi walikutana Stockholm na kukubaliana kwamba pale magari na watu wa miguu wanapochanganyika, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, kwa kuwa anayegongwa kwa mwendo huo mara nyingi hupona. Mpaka alama hizo zitakapowekwa na kuheshimiwa kwetu, mwendo hupunguzwa na vitu vilivyopo: kona, msongamano, matuta, mawe. Barabara ya vumbi nyembamba yenye watu wengi, au ile iliyotandikwa mawe, ambayo mwenye gari anaichukia kwa sababu inamtikisa, ni rafiki wa mtoto kwa sababu hiyo hiyo. Lami nzuri inayofika mpaka langoni, ambayo madalali huitaja kwanza, naiona kuwa sababu ya kuuliza mara mbili.

Nafika kwenye kartiye ya Waswahili, ambayo watu wengi wanaiogopa bila kuitembea. Dhana iliyoko nchini inajulikana: kwamba Mswahili ni mjanja, mvivu, mwenye maneno mengi, na kwamba mtoto atakayekulia kwake hatakuwa na maadili. Ni dhana ya kuonea watu, na ningeipinga hata kama isingehusu makazi. Lakini inahusu makazi, kwa kuwa imewafanya wageni waikimbie mitaa iliyojengwa vizuri zaidi kwa mtu wa miguu. Tazameni ilivyo. Viwanja ni vidogo, kwa hiyo nyumba ishirini ziko ndani ya umbali ambao pembeni ungekuwa na nyumba nne. Milango inatazama njia. Mbele ya mlango kuna baraza, na kwenye baraza kuna mtu: bibi anayechambua mchele, fundi anayeshona, mzee anayesubiri adhuhuri. Chumba cha mbele ni duka, au saluni, au mahali pa kuchaji simu. Mtoto anayepita anaitwa kwa jina la mama yake. Akikosea anakemewa na mtu asiye wa ukoo wake, na jioni habari hufika nyumbani kabla yake. Mwanamke mmoja wa Marekani, Jane Jacobs, aliandika kitabu mwaka 1961 kuwatetea watu wa mitaa ya namna hii dhidi ya wapangaji wa miji waliotaka kuibomoa. Hoja yake kuu ni kwamba macho ya wenyeji yanailinda njia kuliko polisi. Waliokaa Buyenzi, Ng'ambo ya Unguja au Ujiji walikuwa wanaijua hoja hiyo kabla ya kitabu, maana waliiishi.

Je, watoto huharibika? Wapo wanaoharibika, kama walivyopo kwenye mitaa ya kuta. Tofauti ni kwamba kwenye baraza mtoto akianza kupotea watu kumi wanaona. Nyuma ya ukuta anaweza kupotea mwaka mzima na simu mkononi, na mzazi anayerudi saa mbili usiku asijue.

Kelele ni hoja ya kweli, nami sitaidharau. Kabare inayopiga muziki mpaka usiku wa manane itamnyima mtoto usingizi, na mtoto asiye na usingizi hasomi. Maji machafu yanayotiririka njiani masika ni ugonjwa. Vyoo vilivyojaa ni ugonjwa. Ila tuangalie haya yanatufundisha nini. Yanatufundisha kwamba ndani ya mtaa mmoja wa katikati kuna nyumba nzuri na nyumba mbaya, na zinatengana kwa mita mia mbili tatu. Mstari wa kwanza unaotazama soko au stendi haufai. Mstari wa tatu au wa nne nyuma yake mara nyingi ni mtulivu kabisa, na soko liko pale pale. Ndiyo maana sioni faida ya kuipanga mitaa ya Gitega kwa alama, kusema Magarama ni bora kuliko Nyamugari, au Musinzira kuliko Shatanya, kama watu wanavyopenda kubishana. Kila mtaa una upande wa juu na wa bondeni, una njia inayopitika Aprili na njia inayogeuka mfereji. Jina la mtaa humwambia mgeni heshima atakayopewa na watu. Halimwambii mwanawe atapita wapi.

Kuhusu usalama, nitasema kwa upole, kwa sababu hapa Warundi tuna majeraha. Aliyekuwa Bujumbura katika miaka ya vita vilivyoanza 1993 anajua kwamba watu walijifunza kuchagua mtaa kwa hofu: walikwenda kukaa na wa kwao, au walijifungia. Ukuta mrefu kwa watu wa umri wangu una historia, si fahari tu. Siwezi kumlaumu mama aliyewahi kuupitia usiku wa vita hivyo na leo anataka lango la chuma. Lakini namuomba akumbuke pia ni nani waliowaokoa watu. Katika simulizi nyingi nilizozisikia, aliyeokoka aliokolewa na jirani: jirani aliyemficha, aliyedanganya kwa ajili yake, aliyempitisha njia za uani. Jirani wa namna hiyo hapatikani siku ya hatari. Hutengenezwa kwa miaka ya kusalimiana, kuazimana chumvi, kuzikana. Mtaa ambao watu hutoka ndani ya gari na kuingia langoni hautengenezi watu hao. Na wezi wa kawaida, wale wa mchana, huipenda nyumba ya pembeni ambayo saa nne asubuhi haina mtu mbele wala nyuma.

Hoja ya watetezi wa pembeni yenye nguvu kuliko zote ni ya ardhi. Kiwanja cha pembeni kinapanda thamani. Mji mkuu unakua. Atakayenunua leo atashukuru baada ya miaka kumi na mitano. Hili ni kweli, na mwenye fedha anunue. Ahakikishe karatasi zake na mipaka yake, apande miti, angoje. Lakini kununua kiwanja ni jambo moja na kulea watoto ni jambo jingine, na kosa letu ni kuyafanya yote mawili mahali pamoja. Mtoto wa miaka saba hatangoja miaka kumi na mitano shule ijengwe karibu. Panga nyumba ya kawaida mjini wakati watoto wadogo, kiwanja kikae akiba. Watakapokuwa wakubwa na mji umekufuata, hamia. Wapo wanaoona aibu kupanga ilhali wana kiwanja. Sioni aibu hapo. Naona mtu anayejua umri wa watoto wake.

Wengine watasema mtu achague karibu na ofisi, mengine yatajipanga. Wamtazame jirani yetu. Tanzania iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na mpango wa mji uliotayarishwa mwaka 1976 ulikusudia vitongoji ambavyo mtu angetembea kwa miguu kwenda kwenye huduma zake. Serikali ilipohamia kweli kweli, baada ya tamko la Rais Magufuli mwaka 2016, wizara zilijengewa Mtumba, zaidi ya kilomita kumi kutoka katikati ya mji. Aliyekuwa amepanga nyumba kwa kufuata ofisi ya jana alijikuta mbali na ofisi ya leo. Gitega bado inajengwa, na ofisi iliyo leo kwenye jengo la kukodi inaweza kesho kuwa kwenye kilima kingine. Isitoshe, anayekwenda ofisini ni mmoja, mzima, mwenye mshahara, naye ndiye mwenye uwezo wa kubeba safari ndefu. Wanaobaki ni wanne, watano, sita, na safari zao ni nyingi na fupi. Nyumba ikae karibu nao.

Nini basi mtu aangalie? Aende kwenye mtaa mara mbili kabla ya kuamua, mara moja alfajiri watoto wanapotoka na mara moja jioni giza linapoingia, na kama msimu unaruhusu, siku ya mvua. Ahesabu ni mara ngapi atavuka barabara ya magari. Atazame kama mitaro ya kando ina vifuniko au ni mashimo. Asiishie kwa dalali. Awaulize akina mama wanaouza nyanya njiani, maana wao wanajua bomba linatoa maji siku gani, kabare ipi inafungwa mapema, na nesi yupi anafungua usiku. Amwone shefu wa kartiye na mtu wa nyumba kumi kabla ya kuhamia, asingoje kuandikishwa kwenye daftari la kaya. Mazungumzo ya robo saa yatamwonyesha kama majirani wanajuana. Awaone watoto wenyewe. Mtaa ambao watoto wa miaka saba na minane wanatembea wawili wawili bila mtu mzima, wakisimama kucheza, umekwisha kupimwa na wazazi mia moja waliomtangulia.

Kwa wanaogawa viwanja na kuchora mitaa mipya ya Gitega nina ombi. Msigawe kilima kizima kwa makazi matupu. Acheni nafasi ya shule, ya soko dogo, ya kituo cha afya na ya maduka yanayotazama njia, na muitenge kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa, kwa kuwa baada ya hapo haitapatikana. Chimbeni njia za miguu za kukata mteremko, zenye ngazi na mifereji. Wanyarwanda, wenye vilima kama vyetu, tangu mwaka 2016 wanafunga baadhi ya barabara za Kigali siku maalumu za Jumapili ili watu watembee; kujali watu wa miguu hakuhitaji nchi tambarare wala tajiri.

Na kwako wewe uliye na barua ya uhamisho mfukoni: kabla ya kulipa garanti, mchukue mwanao mdogo aliyeanza shule, mtoke naye kwenye mlango wa nyumba hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtembee mpaka shuleni kwa mwendo wake yeye. Akifika hajachoka na hukulazimika kumvuta mkono barabarani, lipa. Asipofika hivyo, tafuta nyumba nyingine, hata kama ua wake ni mdogo.